Mia Waingia, Wawili Wanunua

Wabomba alikuja Jumanne, viatu vimelowa,
akaweka laptopu juu ya meza ya kukatia,
kati ya mkasi na maboksi ya uzi wa bluu,
akasema: Mama Khainza, duka lako linavuja.

Nikatazama dari.

Si dari, akasema. Tovuti.
Mia waingia, wawili wanunua,
tisini na wanane watoka mikono mitupu
wala hujui walitaka nini.
Nipe milioni moja na laki mbili,
nipe miezi mitatu,
hao wawili nitakufanyia watano.

Milioni moja na laki mbili.
Nikazihesabu kwa namna ninayoijua:
ni masweta arobaini, nembo ya shule kifuani;
ni mashine ya mkono wa pili kwa fundi wa Naboa;
ni mshahara wa Nabifo miezi minne, na chai yake.
Nikamwambia, mwanangu, kizuri chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Akafuta skrini kwa shati.
Waliosema hivyo, akajibu, bando halikuwaishia
katikati ya kulipa.

Usiku ule umeme ulikatika Mbale nzima.
Kwa tochi ya simu nilifungua daftari.
Watano katika mia, sawa,
lakini mia ya mwezi gani?
Muhula ukifunguliwa wanakuja mia sita,
wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba mtoto ana mabega.
Miezi mingine hawafiki tisini,
na wengine wao ni mimi, najichungulia.
Faida yangu elfu tisa kwa sweta.
Nikazidisha, nikafuta, nikazidisha.
Mwaka mmoja, sirudishi.
Miwili, narudisha na laki mbili juu,
ikiwa watano ni watano kweli,
si watatu na maneno.

Jumamosi akaja wifi yangu Nagudi kutoka Sironko.
Nikampa chai, nikampa simu, nikamwambia:
ninunulie sweta langu mwenyewe.
Kisha nikanyamaza.
Hapo ndipo nilipolipa gharama, kwenye kunyamaza.

Picha aliipenda.
Rangi aliijua.
Penye kifua cha mtoto kwa inchi akasita:
mtoto yuko bweni, nani ampime?
Akakisia. Akaendelea.
Penye barua pepe akaniangalia
kama karani aliyemdai cheti cha ndoa ya bibi yake.
Nina namba ya simu, akasema. Hii nyingine sina.
Akaiweka simu kifudifudi, akavuta kikombe.
Nitakupigia tu, wifi.

Nikamwita Wabomba.
Toa barua pepe. Toa inchi,
andika darasa la pili, la nne, la sita.
Kazi ya siku mbili, laki moja na nusu.
Akanuna. Umenipora kazi, akasema.
Nikamwambia, wanaondokea wapi, hilo swali ni lako,
nami bila wewe nisingeliuliza.
Nikamwongezea elfu hamsini. Ya swali.

Mei shule zikafunguliwa.
Mia waliingia, wanne wakanunua.
Wabomba anasema ni yeye.
Nabifo anasema ni baridi ya Wanale, mwaka huu imeshuka mapema.
Mimi nimenunua uzi zaidi, sijasema kitu.

Lakini sasa naona na wasionunua, alinifundisha kuwaona.
Yupo mmoja, kila usiku, saa nne na kitu,
afungua ukurasa wa sweta dogo kuliko yote,
la mtoto wa chekechea, kola nyeupe.
Hukaa dakika kumi na moja.
Hagusi kitufe.

Wabomba anasema huyo amekaribia,
apunguziwe kidogo, atumiwe ujumbe, atanunua.

Nimemwambia amwache.