Mgongo wa Wannes

Saa moja asubuhi nawasha taa za handaki la upepo.
Nje, Tielt imejifunika ukungu,
malori ya viazi yanaguna kwenye mzunguko wa barabara.
Ndani, yeye yu macho. Daima yu macho:
viwiko vimekunjwa, kidevu kimeshuka,
ameuinamia usukani
kama mtu anayenong'onezwa siri na gurudumu la mbele.

Namvisha. Mguu wa kushoto kwanza,
maana goti la kulia limeungwa kwa skrubu na hukwama.
Fulana ya mbio naivuta mpaka ibane.
Kunyanzi moja begani ni wati mbili,
na wati mbili, husema Griet, ni mshahara wa mtu.

Kisha feni.
Inaanza kwa kusafisha koo,
inapanda, arobaini, hamsini, hamsini na tano kwa saa,
na sanamu haiendi popote.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema;
hizi hazina ukingo,
huishia kwenye desimali ya tatu.

Fremu ya kumi na moja mwaka huu.
Bomba la chini tumelibana likawa bapa kama panga,
uma tumeutanua, hewa ipite kando ya tairi
bila kubisha hodi.
Nyaya za breki zimemezwa na usukani,
na Lode, fundi wetu, hulaani kwa Kiflemi cha bibi yake:
zamani kubadili waya ilikuwa kazi ya dakika tano,
sasa ni upasuaji.

Griet anapitisha fimbo ya moshi.
Uzi mweupe unagusa helmeti, unateleza mgongoni,
mtiifu, mtiifu,
hadi nyuma ya tandiko. Hapo unachanika.
"Tazama," husema kila mara, kana kwamba ni mara ya kwanza,
"upepo haumpigi sana anayekuja.
Humng'ang'ania anayeondoka."

Na katika kila sehemu kumi za ugomvi huu,
baiskeli ni mbili tu. Nane ni mtu.
Ndiyo maana siku ile tulimpima Wannes Depoorter,
akiwa na chupi tu, akicheka kwa baridi,
leza ikimpapasa mbavu moja baada ya nyingine.
Alikuwa na miaka ishirini na saba.
Majira ya kuchipua yaliyofuata, kwenye kona ya mawe,
kilomita kumi na tisa kabla ya utepe,
nyonga ilivunjika mara tatu.

Alhamisi alikuja. Siku hizi anauza vigae Deinze;
alileta boksi nne za choo kipya cha ofisi.
Ana kitambi. Anachechemea kidogo ngazini.
Akaiona.
"Huyu ni mimi?"
Griet akajifanya anatafuta kalamu.

Akaizunguka. Akaweka kiganja katikati ya mabega yale.
"Sijawahi kuuona mgongo wangu," akasema.
"Wengine ndio waliouona."
Kisha: "Mmekosea kitu kimoja. Mimi nilikuwa nageuka."
"Kichwa kikigeuka ni wati kumi na nane," Griet akajibu,
hakukusudia ubaya, ndivyo alivyo.
"Najua. Nilitaka kuona kama Siebe bado yupo."

Siebe ni mimi.
Nilikuwepo. Miguu ilikuwa imekwisha,
nilikuwa nimeng'ata meno kwenye kivuli chake cha hewa,
mita moja nyuma, nikiuhesabu uti wa mgongo ule
pingili kwa pingili ili nisiachwe.

Akasaini stakabadhi. Vigae viwili vilikuwa vimevunjika,
akaahidi kuvileta Jumatatu.

Jioni, wote walipoondoka, nilijaribu kuigeuza shingo.
Haigeuki. Imemiminwa pamoja na mabega.
Basi nikawasha feni, polepole, thelathini tu,
nikaenda kusimama nyuma yake,
pale upepo usipofika.