Sanamu ya Somoe

Alianza na beringi ya mashine ya kusaga
iliyokufa kwa Mkwavila. Akaitia grisi,
akaizungusha kwa kidole, akaisikiliza.
Mimi fundi baiskeli nikatoa spoku thelathini na mbili.
Sikuuliza. Nilidhani anaunda jiko.

Baba yake, Litinji, huchonga mpingo:
watu wamebebana mabegani, mtu juu ya mtu,
na wakishapigwa msasa wananyamaza
mpaka mwenye hela aje.
"Mti hupendeza ukitulia," husema.
Somoe hakubishana. Aliinama chini ya kigoda chake,
akaokota mabaki meusi, mazito kama mawe ya mizani,
akayafunga kwenye ncha za spoku
yawe vidole.

Kichwa ni tangi la bomba la salfa,
bado lina vumbi la njano masikioni.
Sketi ni bati.

Tulimsimika Shimo la Mungu, ukingoni kabisa,
pale Newala inapokatika kama mkate.
Saa nzima, kimya.
Watoto wakachoka, wakaenda kukamata panzi.
Kisha huko chini, upande wa Ruvuma,
bonde likavuta pumzi,
na kidole kimoja kikatikisika.
Cha pili.
Nyonga.
Nyonga, jamani!
Bibi Asumini akapiga kigelegele,
halafu akajiziba mdomo:
yale ya unyagoni hayachezwi mchana.

Akaja bwana wa hoteli, kutoka Mtwara mjini,
na futi kamba mfukoni.
"Mapokezi hakuna upepo. Tutamfungia mota."
Somoe akainua barakoa ya kuchomelea.
"Basi nunua za baba. Zile zimezoea kukaa."

Usiku ule nilimwona Litinji ukingoni, peke yake,
tochi mdomoni, patasi mkononi.
Alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia,
akakwangua kidole kimoja
unyoya tu, chembe ya kushika kwa kucha.
Asubuhi sanamu ilizunguka bila kushtuka.
Somoe aliona. Akampelekea baba yake chai,
wakaongea habari za bei ya maji.

Sasa ni Novemba. Nimeanika korosho uani.
Tangu juzi yule mama wa bati ananitazama usoni,
leo, ghafla, amenigeuzia mgongo,
sketi inapiga kelele.
Mbingu bado nyeupe.
Nimetupa spana.
Turubai liko wapi?