Ripoti ya Ofisi ya Utamaduni, Kadutu

Mheshimiwa Mkuu wa Komini,
umeniagiza ripoti ya robo mwaka,
kurasa mbili, zisizidi, zenye muhuri.
Naandika kwa mkono. Umeme ulikatika Jumanne,
na kompyuta, wajua mwenyewe, kazi yake ni kushika vumbi.

Bajeti, mstari wa kumi na saba, Utamaduni na Vijana:
sifuri. Mwaka jana pia sifuri,
ila ya mwaka jana ilikuwa na wino mwekundu.

Walikuja watano, mwezi wa pili, mvua ikinyesha,
viatu mkononi, matope ya ngazi za Cimpunda hadi magotini.
Barua yao waliikunja ndani ya mfuko wa sukari isilowe.
Waliomba chumba. Si pesa. Chumba,
Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na mbili,
wafanye mchezo wa kuigiza, na wadogo zao wajifunze ngoma
kabla hawajajifunza mengine.
*Tunaahidi kufagia*: hapo walipiga mstari mara mbili.

Nikaipeleka barua juu. Ikarudi chini.
Pembeni uliandika: Ngoma inalipa ushuru gani?
Swali zuri. Nililala nalo.

Nikakumbuka depo ya nyuma ya choo
tunamoweka vilivyokamatwa barabarani:
miavuli, mabeseni, mizani isiyo na sahani,
na meza, Mheshimiwa, meza arobaini na moja
za kina mama walioshindwa faini
wakatuachia riziki yenye miguu minne.
Ufunguo ninao mimi. Sikuvunja sheria.
Sheria inasema zihifadhiwe;
haisemi zisikanyagwe.

Tulipanga kumi na mbili, tukazifunga kwa kamba za mpira,
zikawa jukwaa. Lilipoyumba upande wa kushoto
Cirhuza alitia kabari, kitabu cha risiti za zamani.
Sijaona risiti zikifanya kazi bora.

Katikati ya mazoezi Nabintu, anayeigiza hakimu,
alipiga magoti akanyamaza.
Tulidhani amesahau maneno.
Alikuwa anapapasa duara jeusi kwenye ubao:
sufuria ya maharage, siku ya Noeli, alipokuwa na miaka saba.
"Hii ni yetu," akasema. Hakulia.
Aliomba tu asimame juu ya hiyo, si nyingine.

Siku ya maonyesho: watu mia mbili na kitu.
Watoto sikuwahesabu, walijaa hadi madirishani.
Polisi wawili walikuja kuzuia, wakaambiwa wakae, wakakaa.
Mchezo ulihusu ndoo moja ya maji na familia tatu.
Hakimu alipotoa hukumu, mama mmoja alisimama huko nyuma,
na wote tukageuka, tukijua atampigia mwanawe vigelegele.
Hakupiga.
Alikuwa anaitazama meza.

Gharama: kamba, faranga elfu sita, mfukoni mwangu.
Mishumaa. Sabuni.
Mapato: hakuna, ukiacha kwamba ua wa komini umefagiliwa,
hata pale ambapo hatukujua kuna sakafu.

Matatizo yaliyojitokeza: moja.
Kwenye daftari la depo, meza sasa ni arobaini.
Nimehesabu mara mbili, nikatia sahihi.
Nimebakiza miezi mitano nistaafu
na mkono wangu bado hautetemeki.

Mapendekezo: ule mstari wa kumi na saba.
Hata ukiandika moja, Mheshimiwa,
watajua la kufanya na moja.

Au njoo mwenyewe Jumamosi. Kiti kipo.
Jukwaa lina pengo, upana wa meza, upande wa kushoto.
Meza za kuliziba zimejaa depo; hawataki.
Wacheza ngoma wanaliruka,
na wageni, wasiojua,
wanadhani kuruka ndiyo ngoma yenyewe.