Bahasha ya Jumatatu

Fomu yao ina neno moja tu: nywele.
Kwetu neno moja lisingetosha.
Kuna unywele wa kichwani, kuna singa,
kuna malaika ya mkononi, si wale wa mbinguni,
yasimamayo baridi ikipita.
Mnyama ana manyoya, basi.
Naandika: manyoya. Mbwa jike, miaka minne.
Jina: Bramble.
Dirishani, mto wa Dundee una rangi
ya maji yaliyooshea sufuria.

Naosha mara tatu.
Maji ya kwanza huchukua moshi, vumbi la zulia,
vyote vinavyomwangukia mbwa
kama vinavyoliangukia kochi.
Maji ya kwanza hayamshitaki mtu.
Ya tatu yakitoka safi,
kilichobaki ndani kilipitia damuni.
Kisha mkasi. Kisha kinu cha chuma.
Kisha mashine, inayonguruma usiku kucha
kama jokofu la jirani.

Asubuhi mstari umepanda,
mlima mmoja mwembamba katikati ya uwanda:
kokeini.
Kwetu huitwa unga,
jina lile lile la uji wa mtoto.

Konstebo Geddes anapiga simu. Lini?
Simdanganyi. Nywele za mtu ni kalenda,
sentimita moja, kama mwezi mmoja.
Manyoya ya mbwa hukua, hulala,
hupukutika kwenye soksi za wageni.
Aliila, au aliilamba, au aliivuta hewani.
Lini, muulize mwenyewe.
Anacheka kidogo.

Lisemwalo lipo, husema watu.
Mimi nalipwa kwa lisilosemwa.
"Alikuwa akilala wapi?" nauliza.
Karatasi zinageuzwa, moja, nyingine.
"Kitandani kwa mtoto."

Hita inawaka. Malaika yangu yamesimama.

Narudi kwenye bahasha.
Chini kabisa, umezongwa na manyoya meusi,
unywele mmoja mrefu, mwekundu wa kutu,
laini, singa hasa,
ncha yake imenaswa
kwenye uzi wa kibanio cha waridi.

Sina idhini ya kuukata.
Sina idhini ya kuuosha, hata mara moja.
Nauweka peke yake katika karatasi nyeupe,
nakunja, nakunja tena,
na pale palipoandikwa Maelezo Mengine,
pembamba, mstari mmoja tu,
naandika polepole, kalamu ikikwaruza:

Pana unywele mwingine.
Si wa mbwa.