Wote Hawajalipa

Ambetsa, katibu wa chama, aliandika kwa kalamu nyekundu
*Wanachama wote hawajalipa mchango wa Juni*,
akabandika karatasi kwenye mlango wa stoo, Kibuye,
akaenda zake kunywa chai.

Dorsila Awino aliisoma amesimama
kati ya marobota mawili ya mitumba.
Risiti yake ilikuwa ndani ya sidiria,
imelowa jasho, namba zinasomeka.
"Wote? Hata mimi?"

Nikaitwa mimi, mpangaji wa Kondele,
ninayesomea maana ya maneno kule Maseno
na sijawahi kumwuzia mtu hata soksi.
Nikaomba chaki. Nikachora kwenye bati
A iliyopinduliwa miguu juu, ndiyo *kila*,
na kijiti kilichopinda ncha, ndicho *si*.
"Kijiti kikitangulia, si kila mtu amelipa:
wapo waliolipa, wapo wadeni.
A ikitangulia, hakuna aliyetoa hata ndururu,
na risiti ya mama huyu ni ya uongo.
Sentensi ni moja. Nyumba ni mbili."

Walilitazama bati kama watu wanaotazama mizani ya sukari.
Ambetsa akaapa alimaanisha ile ya kwanza.
"Herufi mbili," akasema Dorsila, "h na a,
nazo zimeniita mwizi mbele ya wateja."

Nilirudi chumbani najiona fundi.

Jioni akapita na omena za shukrani kwenye gazeti.
Nikamwuliza, kwa adabu tu, kama mzee amerudi.
"Bado," akasema, akashika njia.

Nikafungua daftari: kijiti, kisha *amerudi*.
Hesabu ikakubali.
Miaka tisa, na hesabu ikakubali
bila kutoa jasho.

Lakini hakusema *hakurudi*.
*Hakurudi* ni mlango na kufuli.
Alisema *bado*, na ndani ya *bado*
kuna sahani iliyofunikwa kwa sahani,
kuna mtu anayehesabiwa wakati wa kupika ugali.
Nikaikumbuka karatasi ya Ambetsa: ha-wa-ja-lipa.
Mchana kutwa nimepigania *ha*,
nikamwonyesha kila mtu mahali pa kuikalisha,
na *ja* ilikuwa pale pale, katikati ya neno,
imeketi kimya kama anayesubiri kuitwa.

Nikaitafutia alama.
Nikachora, nikafuta. Nikachora mlango
usiofika kwenye fremu, nikafuta.

Omena zikaungua.