Kielelezo Nambari Moja

Siku ya tatu ya mafunzo, Kakamega,
na mvua ya saa tisa haijachelewa.
Inatwanga mabati ya ukumbi wa polisi
hadi Inspekta Nanjala ananyamaza,
kalamu imesimama ubaoni
katikati ya neno: *ushahi*

Tunangoja. Tuko kumi na wanane,
wengi vijana wenye vidole vyepesi.
Mimi ni Sajini Wekhomba, miaka ishirini na sita kazini.
Vidole vyangu vimezoea rungu, peni ya buluu
na kitabu cha matukio.
Kibodi naidonoa kama kuku penye wimbi lililomwagika:
punje moja, kichwa juu, punje nyingine.

Nyayo, hizo naziweza.
Nipe shamba la miwa la Matungu alfajiri, umande haujakauka,
nitakwambia mwizi alivaa ndara au alikuwa miguu mitupu,
kama alibeba mzigo, kama alilewa,
kama alisita kabla ya kuruka mtaro.
Nyayo wanazotufundisha hapa hazina matope.
Mtu anaiba akiwa kitandani,
blanketi hadi kidevuni,
na mbwa wa jirani habweki.

Mvua inalegea. Nanjala anaendelea:
"Ukifika, usiguse. Piga picha kwanza.
Simu inayowaka izungushie foili,
isije ikaitwa na mwenyewe, ikajifuta.
Kompyuta inayonguruma usiichomoe kwa pupa.
Kuna mambo huyakumbuka tu ikiwa macho."

Ikiwa macho.
Naandika. Peni inakwama.

Mwaka ule, Butere, nilikuwa koplo.
Akina mama thelathini na wawili wa chama
walikuwa wameweka pesa za mabati,
shilingi juu ya shilingi, Jumatano baada ya Jumatano.
Sauti ya upole ikampigia mweka hazina,
Rasoa Khasandi. Ikamwita mama.
Ikamwomba namba ya siri, naye akaitoa
kama mtu anavyompa mgeni kiti.

Tulimfuata kijana hadi kibanda cha saiba
nyuma ya kinu cha posho.
Niliingia kwa kishindo. Nikang'oa nyaya.
Nikaubeba ushahidi kwa mikono miwili,
nikaufunga kwenye bodaboda kwa ukanda wa mpira,
nikauvika koti langu la mvua, mimi nikalowa
kama baba anayemkimbiza mtoto hospitali.

Mahakamani hakimu aliinama, akatazama,
akavua miwani.
"Koplo, hiki ni kioo tu. Kasha lake liko wapi?"

Kasha.
Nililiacha chini ya meza.
Nilidhani ni la kutuliza umeme.

Watu walicheka, hata karani.
Rasoa hakucheka. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani.
Alikitazama kile kioo cheusi, kielelezo nambari moja,
na mle ndani aliyeonekana
alikuwa yeye.

Umeme umekatika.
Kompyuta kumi na nane zimesahau kwa pamoja
tulichokuwa tukifanya. Vijana wanaguna.
Mbele yangu, kiooni, uso wangu umechomoza,
na nyuma yake dirisha,
na mahindi ya kambi yakilowa.

"Sajini," Nanjala anasema kwenye utusitusi, "kuna shida?"

Afande, nina swali.
Kasha likikaa miaka tisa
chini ya meza ya mtu, au kwa fundi, au jaani,
nyayo hubaki?

Anafikiri. Hacheki.
"Inategemea ni wangapi wamekanyaga juu yake."

Kumbe ni kama miwa.

Nafungua ukurasa mpya. Peni haiulizi umeme.
Naandika: *Butere, nyuma ya kinu. Jumamosi.*
Chini yake jina la Rasoa, herufi kubwa.
Halafu, kwa mkono wa mwanafunzi:
*usiguse, piga picha kwanza.*