Bango la Karibu na Choo

Walinipa namba mia moja arobaini na mbili,
ukutani, kando ya mlango wa choo cha wanaume,
ghorofa ya chini, Turku, mwezi wa Machi,
na mto huko nje umeganda nusu,
nusu maji, nusu kioo.

Juu, ukumbini, wakubwa walikuwa wakinena.
Kila kitu chao kilikuwa kimefaulu.
Grafu zilipanda kama zimeitwa,
nukta nyekundu ya tochi ikizichezea,
makofi, ahsante, swali moja tu, muda umetutupa mkono.

Mimi nilikuwa na fedha.
Si ya mfukoni; ya mfukoni iliishia kwenye tiketi
ya kutoka Cluj. Fedha yenyewe, madini,
niliyoikuza majini chembe kwa chembe,
chembe ambazo chawa, mbele yake, ni mlima.
Zikikaa kwa heshima, kila moja na nafasi yake,
maji huwa manjano kama mafuta ya alizeti.
Zikikumbatiana, yote huwa kijivu,
na siku yako imekwisha.

Miaka miwili zilikumbatiana.
Si kila siku. Hilo ndilo lililouma: si kila siku.
Kwenye makala sikuligusa. Profesa Sidonia alisema
jarida halinunui vilio.
Lakini kwenye bango, chini, pembeni kabisa,
nilibandika picha ya chupa ya kijivu,
ndogo kama stempu,
kama mtu anayeacha mlango wazi kidogo
bila kusema anamngoja nani.

Alikuja kutafuta choo.
Ludger Gaudreault, wa Chicoutimi,
kitambulisho kimemgeukia kifuani, jina ndani,
kahawa mkononi.
Akainama. Grafu yangu nzuri hakuitazama;
grafu nzuri alikuwa ameziona tangu asubuhi.
Akaweka kidole juu ya stempu.
Kidole kimoja hakivunji chawa.
Chake kilikuwa cha pili.

"Hii, mwezi gani?"
"Novemba."
"Na nyingine?"
"Januari. Februari mara tisa."
"Na Julai?"
Nikafungua mdomo.
Julai haikuwapo hata moja.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima, changu pia,
mengine tukayamalizia kwa mikono.
Akaonyesha viatu vyangu.
Ukingoni mwa ngozi, mstari mweupe
wa chumvi wanayomwaga barabarani
ili barafu isiangushe watu.
Inakauka, akasema, inakuwa vumbi,
inapanda, inatua mdomoni mwa chupa.
Kidogo tu usichokiona,
na fedha yako yote inakimbiliana.

"Uliliandika wapi hili?"
Akacheka hadi kahawa ikamwagika.
"Nani angechapisha makala kuhusu viatu?"
Kisha hakucheka.
Miaka minne, akasema,
na mwanafunzi mmoja hodari, Maëlle,
aliyeamini kosa ni mikono yake,
akaacha kabla theluji haijayeyuka.

Husemwa mtu mzima amekula chumvi nyingi.
Huyu alikuwa ameivuta puani,
ameilipia,
akavuka nayo bahari kichwani
kwa kuwa hapakuwa na ukurasa ulioipokea.

Akaingia chooni.
Alipotoka nilikuwa sakafuni, soksi tupu,
namwandikia Horațiu maabarani:
Weka rafu mlangoni. Kila mtu avue.
Akajibu: Ada ya euro mia tano,
na unatuletea habari za viatu?
Na za Julai, nikaandika.

Leo ni tarehe tisa Januari.
Koridoni kuna jozi kumi na moja,
moja soli yake imeachama kama mdomo.
Chupa iko dirishani, siku ya sita.
Bado ni manjano.
Bado.

Makala siandiki kwanza. Naandaa bango.
Kwenye fomu, palipoulizwa mahitaji maalumu,
nimejaza: karibu na choo.